Mwaka Niliokula na Wafinyanzi

Mwaka jana nilirudi Mugoma kwenye harusi ya binti wa kaka yangu. Sijakaa hata vizuri, kiti cha plastiki bado kinatafuta usawa kwenye nyasi, mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu zamani akanishika mkono na kunionyesha kwa wakwe waliotoka Biharamulo. Angeweza kusema huyu ni shangazi wa bibi harusi. Angeweza kusema ni muuguzi, anafanya kazi hospitali. Alisema, "Huyu ndiye yule aliyekula na Watwa."

Wakwe walicheka kwa adabu, wasijue wanacheka nini. Nilimjibu mzee kwamba ndiyo, ni mimi, na vilikuwa viazi vitamu. Karibu miaka thelathini imepita. Nimesoma, nimezaa, nimezika baba na mama, na pale kijijini hilo bado ndilo jina langu. Sasa wewe msomaji, kwa kuwa tumekaa wawili, acha nikusimulie nilivyolipata. Usisubiri niombe radhi. Sitaomba.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi waliovuka mpaka kukimbia vita vya kwao. Waulize watu wa Ngara wa umri wangu, kila mmoja ataanza na chake: malori yaliyopita mchana kutwa, vilima vilivyonyolewa miti, maturubai ya buluu yaliyofunika upande mzima wa mlima hadi ukidhani ziwa limepanda juu. Mimi huanza na moshi. Kuni mbichi zilichomwa kila mahali, na nguo zetu za shule zilinuka moshi hata zikitoka kufuliwa. Sokoni kulijaa mafuta ya kula ya makopo na unga wa mahindi ya njano, ambao bibi yangu alisema ni chakula cha kuku, kisha akausonga na kuula. Wageni walikuwa wengi kuliko sisi. Lugha yao na Kihangaza chetu ni watoto wa mama mmoja, kwa hiyo hata tulipogombana nao kisimani tuligombana kindugu, kila tusi likieleweka.

Sekondari yetu ilikuwa ya wazazi: madarasa manne ya matofali ya kuchoma, madirisha bila vioo, na uwanja ulioinama kiasi kwamba timu moja ilicheza ikipanda mlima. Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa Fizikia hatukuwa naye. Wa Kuchora hakuna aliyemtafuta, alikuja mwenyewe.

Alikuwa mtu mwembamba, wa makamo, mwenye koti la mirabamiraba lililotoka naye ng'ambo ya mto wa mpaka. Kwao alifundisha kuchora, kupaka rangi na kufinyanga sanamu katika shule ya sekondari, na siku za likizo alitengeneza watakatifu wa makanisani. Alifika ofisini na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini hadi jioni, akaomba kufundisha. Mkuu wa shule alimweleza kwamba somo hilo halimo kwenye mtihani. Yule mgeni akajibu kwamba ametembea saa mbili nalo kichwani na haoni sababu ya kurudi nalo. Mkuu wetu alikuwa mtu mpole, mwoga kidogo. Alimpa Jumatano na Ijumaa alasiri, saa za kulima shamba la shule, kwa malipo ya maharage na ndizi za shamba hilohilo. Kwa hiyo nakiri kwamba tulimpenda kwanza kwa sababu alitupunguzia jembe.

Kiswahili chake kilichanganya r na l. Siku ya kwanza alituambia, "Kila mtu ashike karamu yake," nasi tukacheka hadi machozi, maana kwa njaa ya saa tisa alasiri karamu ilikuwa neno zuri mno. Alisubiri tumalize. Kisha akatuambia tuchore mgomba. Wote arobaini tulichora mgomba uleule: shina lililonyooka, majani matano, mkungu upande wa kulia. Alizikusanya karatasi, akatupeleka nyuma ya jiko la shule, akatusimamisha mbele ya mgomba halisi. Ulikuwa na jani moja tu zima. Mengine yalichanwa na upepo vipande vipande, mawili yakining'inia makavu kama nguo za mzee. Alituuliza huu mgomba mliochora mliuona wapi. Ule wa nyuma ya jiko tuliuchora wiki tatu.

Mkaa tulitoa jikoni. Karatasi zilikuwa maboksi ya mafuta kutoka soko la kambini, upande wa ndani. Rangi tulitengeneza wenyewe: nyekundu ilikuwa udongo wa barabarani, nyeupe udongo wa bondeni, nyeusi masizi ya kibatari, tukasaga juu ya jiwe na kuchanganya na kiini cha yai ili zishike. Brashi ilikuwa nywele za mkia wa mbuzi zilizofungwa kwenye ubua, na picha za rangi tulizichora kwenye ukuta wa shule. Mayai niliiba nyumbani. Bibi alipogundua kuku wake anatagia ukuta wa shule, alisema amezaa mtoto na mtoto wake amezaa kicheche. Lakini alikuja kuutazama huo ukuta, akasimama muda mrefu mbele ya ng'ombe niliyemchora, akasema pembe zimekaa vibaya. Zilikuwa zimekaa vibaya kweli.

Siku moja alitufundisha kupima umbo kwa macho. Unanyoosha mkono ukiwa umeshika kijiti, unafumba jicho moja, unalinganisha. Tulijipanga kando ya barabara kupima nyumba iliyokuwa ng'ambo, wanafunzi arobaini, mikono imenyooka, jicho moja limefumbwa. Mwanamke mmoja kutoka kambini alitokea kwenye kona akiwa na mzigo wa kuni. Alituona, akautupa mzigo, akalala kifudifudi barabarani na mikono kichwani. Hatukuelewa. Mwalimu alielewa. Alikimbia, akapiga magoti kando yake, akamwonyesha kile kijiti, akaongea naye taratibu hadi akainuka. Akamtwika mwenyewe kuni zake. Aliporudi kwetu alituambia tu kwamba tangu leo tutapima kwa kidole gumba.

Muhula wa pili tulianza sanamu. Kila mmoja afinyange kichwa cha mtu anayemfahamu. Tulichimba udongo mtoni, tukafinyanga, tukaanika juani, tukarundika kuni na kuchoma. Vichwa vilipasuka kimoja kimoja kama mahindi kaangoni. Mwalimu alisimama mbele ya rundo la vipande vya pua na masikio, akatuambia ukweli ambao sijawahi kuusikia kwa mwalimu mwingine. "Mimi udongo huu siujui. Anayeujua yuko bondeni. Kesho kutwa tunakwenda kwake."

Bondeni waliishi Watwa. Sijui kwenu, ila kwetu hao ndio walikuwa wafinyanzi, tangu enzi za babu wa babu zetu. Chungu cha kupikia ndizi, mtungi wa maji, chungu kikubwa cha pombe kinachowekwa katikati watu wakakizunguka na mirija, vyote vilitoka mikononi mwao. Wao wenyewe hawakukaribishwa kuvuta mrija. Wakija na vyungu vya kuuza walisimama uani. Wakipewa chakula, walipewa kwenye jani, na jani likatupwa. Cha kwao hakuna aliyekigusa. Bibi alikuwa na msemo wake: chungu huingia ndani, mwenye chungu hubaki mlangoni. Aliusema kama mtu anayetaja majira ya mvua, bila chuki yoyote, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Tulimkuta mama mfinyanzi amekaa chini ya kibanda cha mafunjo, miguu imenyooka, mtungi katikati ya magoti. Alikuwa mzee kuliko mama zetu. Mwalimu alimsalimu kwa heshima, akamwita mama, kisha akatugeukia. Tulijua anachosubiri. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwamkia Mtwa. Mwishowe mtu mmoja akanong'ona shikamoo, wengine tukafuata kwa sauti za chini zisizolingana. Yule mama alitutazama. Alichelewa kujibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani na kusahau wapi.

"Marahaba," alisema.

Halafu akafundisha. Alifundisha kwa Kihangaza na kwa mikono. Alichukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, akavisaga, akavichanganya na udongo mbichi, maana udongo peke yake, alisema, hauvumilii moto. Alitukosoa kwa kufinyanga vichwa vilivyojaa. Kichwa kikatwe katikati kwa uzi wa mgomba, kikombwe ndani, kiunganishwe tena, na kiachiwe tundu. Kianikwe kivulini. Ukitaka kujua kama kimekauka, kiweke shavuni. Kikiwa bado cha baridi, ndani kuna maji, na maji ndiyo yanayopasua. Mwalimu alikaa chini pamoja nasi, koti lake amelikunja pembeni, akauliza maswali kama mwanafunzi. Alipokosea, mama mfinyanzi alimpiga kofi dogo mkononi.

Jua lilipoanza kuinama, binti yake alitoa kikapu cha viazi vitamu vilivyochemshwa na kibuyu cha maji, akaweka katikati yetu. Mvuke ulikuwa bado unatoka. Tulikuwa hatujala tangu asubuhi. Mwalimu alichukua kimoja, akamenya, akala. Sisi tukatazama vidole vyetu. Mama mfinyanzi alikiangalia kikapu chake, akatuangalia, akasema bila hasira, "Najua hamtakula. Rudisheni mikono kwenye udongo basi."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyoosha mkono. Ningependa kukuambia nilichukizwa na dhuluma. Nadhani nilichukizwa zaidi na kutabiriwa. Nilichukua kiazi, nikala, nikachukua cha pili, nikanywa maji kwenye kibuyu chao. Vilikuwa vya aina ile yenye unga, vinavyokaba kidogo kooni. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake akivuka mto uliofurika.

Yeye ndiye aliyesema. Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imeshafika na kukaa. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyesali kabla ya kunywa hata maji. Alinisubiri mlangoni.

"Umekula kwao?"

"Shikamoo baba. Nimekula."

Hakunipiga. Alipita ndani. Jioni ile mama aliponiita kula, nilikuta ndizi na maharage vimepakuliwa kwenye sinia lao kama kawaida, na pembeni, karibu na mlango, sahani ya bati yenye chakula changu peke yangu. Kikombe changu peke yangu. Kuanzia siku hiyo ugali nilioupika baba hakuugusa. Mdogo wangu wa mwisho alijaribu kuja kukaa nami, akavutwa nyuma kwa shati.

Nilikula hivyo miezi mitano. Nilikaa nimenyoosha mgongo, nikamaliza kila kitu kilichokuwa kwenye sahani.

Mkuu wa shule aliitisha mkutano wa wazazi. Walikuja hata wasio na watoto pale, wengine kutoka Mabawe. Walisema wamelipia elimu, hawakulipia watoto wao kufanywa wafinyanzi. Mmoja alisema mkimbizi huyu amekimbia kwao kwa sababu ya mambo kama haya, na sasa anayaleta hapa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kona, koti limefungwa vifungo vyote. Kila mtu mle ndani alijua kwamba barua moja tu ingetosha, na ile karatasi yake ya ruhusa isingepigwa mhuri tena.

Mkuu alitaka yaishe kwa amani. Aliniita mbele na kunifungulia mlango wa kutokea, kwa sauti ya upole kabisa. Labda nilipewa nikatupa, alisema. Labda niliogopa kumkatalia mwalimu. Niseme tu kwamba sikula.

Nilimtafuta mwalimu kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilikula, mwalimu," nilimwambia mkuu. "Viazi viwili. Na maji nilikunywa."

Darasa zima lilinguruma. Baba aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka bila kunitazama. Nilipewa adhabu ya wiki mbili nyumbani, na ilitangazwa kwamba masomo ya bondeni yamekwisha. Kuhusu vile viatu, watu hupenda nikisema nilimwelewa mwalimu. Sikumwelewa. Nilimchukia siku zote zile kumi na nne, nikichota maji, nikipalilia maharage, nikila karibu na mlango.

Nikarudi shule siku ya Ijumaa. Alasiri niliona majembe yakigawiwa kama zamani. Kisha nikamwona anakuja barabarani kutoka kambini kwa mwendo wake uleule, na kichwani amebeba kikapu cha vigae. Hakuingia darasani. Alipita mbele ya ofisi ya mkuu, mbele ya dirisha lililo wazi, polepole, akageuka kushika njia ya bondeni. Hakumwita mtu. Mkuu aliinama juu ya daftari lake na hakuinua kichwa hadi mwalimu alipopotea. Nikaweka jembe chini. Tulikuwa saba tuliomfuata. Mmoja wao alikuwa yule rafiki yangu wa dawati, analia na kutembea.

Njiani nilimfikia mwalimu, na nadhani alijua ninachotaka kumuuliza, kwa sababu alinijibu kabla sijauliza. Alisema kwao aliwahi kusema kweli mbele ya watu wengi, mara moja, na hataki kunieleza nani alilipa.

Nilifinyanga kichwa cha mama mfinyanzi mwenyewe. Alikaa mbele yangu Ijumaa sita akiendelea na mitungi yake. Siku moja, nikiwa nimejaa ushujaa wangu, nilimweleza habari za mkutano, za sahani, za miezi ya kukaa mlangoni kwa ajili yake. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hukunifadhili, mtoto. Ulikuwa na njaa." Akanionyesha mahali nilipokosea kwenye kidevu.

Tulichoma vichwa saba kwa nyasi kavu na mavi ya ng'ombe, na vyote saba vilitoka vizima. Changu kilipata ufa mwembamba nyuma ya sikio. Mama mfinyanzi alikizungusha mikononi, akasema pua si yake, ni ya dada yake. Mwalimu alivipanga kwenye madirisha ya darasa yasiyo na vioo, vikiangalia barabara, na cha mama mfinyanzi akakiweka cha kwanza. Ile ndiyo barabara ya kanisani. Jumapili moja baada ya nyingine baba yangu alipita pale na baiskeli yake, na Jumapili moja, mdogo wangu aliniambia, alishuka akasimama. Mkuu wa shule hakuviondoa. Alisema hana ngazi, ingawa dirisha lilikuwa usawa wa kifua.

Nyumbani mambo yaliisha hivi: siku moja mama alikuwa amechoka, akapakua chakula chote kwenye sinia, akanisukuma kwa kiwiko. "Sogea," alisema. Nikasogea. Baba aliendelea kula. Hakuna aliyelitaja jambo hilo tena hadi walipokufa wote wawili.

Kisha ikaja amri ya wakimbizi kurudi kwao. Walipita barabarani wakati wa mvua, siku baada ya siku, magodoro vichwani, watoto wamefungwa kamba mkononi wasipotee. Nilisimama kando ya barabara siku tatu nikitafuta koti la mirabamiraba. Sikuliona. Baadhi walikimbilia porini kuelekea Keza, wengine mbali zaidi. Nimewauliza watu wa pande zote mbili za mto kwa miaka mingi. Sijui kama alifika.

Mama mfinyanzi alikuja shuleni mwenyewe kuchukua kichwa chake. Alikiweka kwenye nguzo mbele ya kibanda, kila anayekuja kununua chungu akutane nacho kwanza na kukisalimu akitaka. Alipofariki nilikuwa chuoni. Wanawe walihama bondeni, sehemu ile sasa ni mpunga na kabichi, na mitungi imeshindwa na ndoo za plastiki. Nilishuka huko siku moja baada ya harusi. Nilichimba kidogo kwa kijiti, nikauona ule udongo wa kijivu, upo, hakuna anayeuhitaji. Vijana wa siku hizi wanakula na yeyote, na ukiwasimulia haya wanadhani unawatungia.

Wazee wananiambia niyaache, yamepita. Hapo ndipo ninapokataa. Hayakupita yenyewe kama mvua. Kuna mtu aliyeyabeba kikapuni, kichwani, mbele ya dirisha la ofisi, huku karatasi yake ya ruhusa ikiwa mfukoni mwa koti. Sina picha yake. Siku nikipata likizo ndefu nitakaa chini nifinyange kichwa chake, pua na kila kitu, na nitasaga vigae kwanza, nikombe ndani, nikiweke shavuni hadi baridi iishe.